WALISEMA, "ANA PEPO!" JE, WALIMSIKILIZA?

KIJANA, SIMAMA KIDOGO USOME HAPA!

Je, umewahi kuitwa mhuni kwa sababu ya nywele zako? Umewahi kukaa maskani na wenzako mnacheza karata au drafti, mzee akapita, akatikisa kichwa na kusema, "Hawa ndio wezi wetu wa kesho"? Hakuuliza jina lako. Hakuuliza kama asubuhi ulizunguka kutafuta kazi ukakosa. Aliona karata, akamaliza kesi.

Basi karatasi hii ni yako. Usiitupe. Ina swali moja tu, nalo ni zito: JE, NI HALALI KUMHUKUMU MTU KWA ALAMA ULIYOIONA JUU YAKE, KABLA HUJAMSIKILIZA?

Tutalijibu kwa kisa cha kweli kilichotokea Marekani, juu ya mchezo wa mezani. Usiseme, "Marekani inanihusu nini mimi?" Subiri. Kitakufikia.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Mwaka 1974 watu wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Ulianzia katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Si kamari, hakuna fedha ya kuweka mezani. Watu wanne watano wanakaa pamoja, wana karatasi, penseli na dadu, na nyingine katika dadu hizo zina pande 20. Mmoja ndiye msimulizi. Wengine kila mmoja anajitungia mhusika wake: huyu shujaa wa upanga, huyu mwizi, huyu mchawi. Msimulizi anasema, "Mmefika kwenye pango, ndani limelala joka. Mnafanyaje?" Wanashauriana, wanarusha dadu, hadithi inasonga mbele. Mwisho wake hakuna mshindi wala mshindwa. Ni hadithi inayotungwa na watu wengi kwa pamoja.

Kwetu jambo hili si geni sana. Bibi anasema, "Paukwa!" Wajukuu wanaitika, "Pakawa!" Halafu yanakuja mazimwi na majini mpaka usingizi unaruka. Je, bibi aliyesimulia zimwi amekuwa zimwi? La! Kusimulia habari za jini ni jambo moja, kumwita jini ni jambo jingine. Kila mwenye akili anaona tofauti hiyo. Lakini hofu ikiingia mlangoni, akili hutokea dirishani.

UVUMI ULIVYOANZA

Agosti 1979, kijana wa miaka 16, mwenye akili kupita umri wake, alitoweka katika chuo cha Michigan State University. Familia ikamwajiri mpelelezi, William Dear. Mpelelezi akasikia kwamba kijana alikuwa akicheza mchezo ule. Chini ya chuo kulikuwa na mahandaki ya mabomba ya mvuke. Basi! Magazeti yakaunganisha mambo mawili, yakatangaza kwamba huenda kijana amepotelea chini ya ardhi akiutenda mchezo kwa kweli. Nchi nzima ikaamini.

Ukweli ulikuwa nini? Kijana yule alipatikana akiwa hai mwezi uliofuata, katika jimbo la Louisiana. Hakuwa amepotea mchezoni. Alikuwa ameelemewa: huzuni, upweke, mzigo wa masomo, madawa ya kulevya. Aliingia mahandakini kwa sababu alikuwa amechoka kuishi. Mpelelezi mwenyewe aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1984. Lakini mwaka 1984 ulikuwa mbali. Kijana alikuwa amekwisha kufa tangu Agosti 1980, kwa mkono wake mwenyewe, akiwa na miaka 17.

Tua hapo, mpendwa. Nchi nzima ilikuwa inalitafuta joka. Ni wangapi waliomtafuta kijana?

MOTO UKASAMBAA

Mwaka 1982, katika jimbo la Virginia, kijana mwingine wa miaka 16 alijiua. Mama yake, Patricia Pulling, aliamini kwamba mchezo ule ndio uliomwua mwanawe. Alishtaki, mahakama haikumpa haki aliyoidai. Mwaka 1983 akaanzisha chama cha kuupinga mchezo, akazunguka akihutubia wazazi na polisi. Mama huyu usimcheke. Ni mama aliyefiwa, na aliyefiwa hutafuta wa kumshika shati. Lakini uchungu wa mtu, hata ukiwa wa kweli namna gani, haugeuzi dhana kuwa ushahidi.

Mwaka 1985 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kiliyapeleka madai hayo sebuleni kwa mamilioni ya watu. Na mwaka mmoja kabla, 1984, Jack Chick, mchapishaji wa vikaratasi vya injili kama hiki unachokishika, alitoa kimoja kilichochorwa picha kiitwacho Dark Dungeons. Ndani yake msichana anajiua kwa sababu mhusika wake amekufa mchezoni, na mwenzake anafundishwa uchawi wa kweli kwa kupitia mchezo huo. Ndiyo, kikaratasi cha injili! Kwa hiyo karatasi hii haikuja kukuonyesha makosa ya magazeti peke yake. Hukumu ya haraka iliwahi kupanda hata madhabahuni.

Watoto walionyang'anywa vitabu vyao, walioitwa waabudu shetani na majirani waliowajua tangu wachanga, walijifunza nini? Walijifunza kwamba kanisani hakuna wa kuwasikiliza.

HESABU RAHISI

Mtu atasema, "Lakini wapo waliocheza na wakajiua!" Ni kweli, wapo. Sasa tufanye hesabu. Mchezo ule ulichezwa na mamilioni ya vijana. Katika mamilioni ya vijana wa aina yoyote, wacheza mpira, waimba kwaya, wanafunzi wa hesabu, kwa huzuni kubwa wapo watakaojiua. Kama waliojiua walicheza, hilo halitoshi. Lazima uulize: je, wanaocheza wanajiua ZAIDI kuliko wasiocheza? Hilo ndilo swali ambalo wenye kelele hawakuliuliza. Mwaka 1990 mwandishi na mtunzi wa michezo, Michael Stackpole, aliyachambua madai ya mama Pulling na kuonyesha kwamba takwimu zake hazisimami kwa miguu yake.

Kila aliyezama ziwani alikuwa amekunywa maji siku hiyo. Je, maji ya kunywa ndiyo yaliyomzamisha?

ALAMA ZIKIINGIA MAHAKAMANI

Unadhani ni maneno tu? Sikiliza hili. Mei 1993, katika mji wa West Memphis, jimbo la Arkansas, watoto watatu wa kiume wa miaka 8 waliuawa kikatili. Uvumi wa ibada za shetani ukaenea, na vijana watatu wakakamatwa. Mmoja wao alijulikana kwa kuvaa nguo nyeusi, kupenda muziki wa magitaa makali na kusoma vitabu vya kutisha. Mwenzao mmoja alikiri mbele ya polisi, baadaye akakana. Na mahakamani, nguo, muziki na vitabu vililetwa kama ushahidi! Mwaka 1994 wawili walihukumiwa kifungo cha maisha, na yule wa nguo nyeusi akahukumiwa KUFA.

Walitoka mwaka 2011, baada ya miaka 18. Vipimo vya vinasaba havikuwaunganisha na eneo la mauaji. Walitoka kwa makubaliano ya kisheria: wakubali hukumu huku wakiruhusiwa kusema kwamba hawakufanya. Waliingia vijana, wakatoka watu wazima.

NA KWETU JE?

Usiwacheke Wamarekani, ndugu yangu. Huku Tanzania, katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, akina bibi wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu. "Macho mekundu, huyo mchawi!" Macho yale yaliwekundishwa na nini? Na moshi wa jikoni! Miaka 40, 50 ya kupuliza moto ili watoto wale. Alama ya upendo wake ikasomwa kuwa alama ya uchawi.

Mbegu ni ile ile: hofu, halafu alama, halafu hukumu. Kule alama ilikuwa dadu, huku ni macho, kwako ni nywele au karata. Nilikuambia kitakufikia.

"LAKINI WALIKUWA NA NIA NJEMA!"

Hapa ndipo penye swali lenyewe. Mtu anayemzushia mwenzake huku akiamini anawalinda watoto, je, ana hatia?

Nasema ndiyo, kwa sababu mbili.

Kwanza, nia njema haimwondolei mtu kazi ya kuuliza. Kama kweli unampenda mtoto, utataka kujua ni nini hasa kinachomdhuru. Daktari mwenye nia njema anayekata mguu mzima bila kupima, nia yake haimrudishii mgonjwa mguu. Aliyeambiwa asishuhudie uongo (Kutoka 20:16) hakuambiwa, "isipokuwa ukiwa na hofu."

Pili, na hili ndilo zito: hukumu ya uongo huumiza watu WAWILI. Inamwumiza anayesingiziwa. Halafu inamwumiza yule yule uliyetaka kumwokoa, kwa sababu ugonjwa wake halisi unabaki bila dawa. Ukishasema, "Ni mchezo," hutauliza tena habari za upweke. Ukishasema, "Ni pepo wa nywele," hutauliza kama kijana amekula. Mzazi anachoma vitabu, analala usingizi, na mtoto yuko chumba cha pili anakata tamaa kimya kimya.

MAANDIKO YANASEMAJE?

Yohana Mbatizaji alijinyima chakula na kinywaji. Wakasema ana pepo. Yesu alikula na watu. Wakasema ni mlafi (Mathayo 11:18-19). Umeona? Ukifunga, una pepo. Ukila, u mlafi. Hukumu ilikuwa tayari mfukoni, wakatafuta tu alama ya kuibandika.

Na Hana je? Aliingia nyumba ya Mungu akiomba midomo inacheza, sauti haisikiki. Kuhani Eli akaona midomo, akaamua: mlevi! Kumbe ni mama mwenye uchungu wa kukosa mtoto (1 Samweli 1:12-17). Lakini Eli alifanya jambo moja jema ambalo wengi hatulifanyi. Hana alipojieleza, ALIMSIKILIZA. Na alipomsikiliza, karipio likageuka kuwa baraka. Tofauti ya kumfukuza na kumbariki ilikuwa dakika moja ya kusikia.

JE, BASI KILA MCHEZO NI SAWA TU?

Sikusema hivyo. Kuuliza ni haki. Mchezo unakula usingizi wako? Unautumia kujificha usikabili shida zako? Unakufanya mkatili kwa wenzako? Mti hujulikana kwa matunda yake (Mathayo 7:16), na maswali hayo ni ya matunda. Lakini angalia: matunda huyaoni ukiwa barabarani unapita. Lazima ukae chini ya mti. Lazima umjue mtu, ule naye, ungoje msimu. Anayehukumu kwa majani ni mvivu tu anayejifanya nabii.

Mchezo wenyewe haukufa. Mwaka 2024 ulitimiza miaka 50, na waliocheza wakiwa watoto sasa ni wazazi, walimu, na wengine wahubiri. Joka halikumla mtu. Lakini hakuna anayeweza kuwarudishia vijana wa West Memphis miaka 18.

SASA GEUKA, UJITAZAME

Kijana, mpaka hapa umefurahi, maana nimekutetea. Sasa nikuulize wewe. Ukimwona binti mwenye kitambaa kichwani na Biblia kwapani, unasemaje kijiweni? "Hao walokole wanafiki wote." Umemjua lini? Ukimwona mtoto mpole asiyekuja maskani, anayesoma vitabu peke yake, unamwitaje? "Yule hayuko sawa." Umewahi kumwuliza anasoma nini?

Fimbo uliyochapwa ndiyo unayomchapia mwenzako! Wewe nawe umebeba mfukoni hukumu iliyokwisha kupigwa mhuri.

UAMUZI NI WA LEO

Usingoje kesho. Fanya mambo matatu kabla jua halijazama.

MOJA: Mtaje moyoni mtu mmoja ambaye umemhukumu kwa alama. Mmoja tu. Unamjua.

MBILI: Mwendee. Usimwendee na jibu, nenda na swali: "Mambo vipi? Unaendeleaje kweli?" Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Mithali 18:13 inamwita mpumbavu yule anayejibu kabla hajasikia.

TATU: Ukisikia uvumi juu ya mtu, uwe wa kwanza kuuliza, "Nani ameona? Nani amemsikiliza?" Nikodemo alisimama peke yake baraza zima likamgeuka, akauliza swali hilo hilo (Yohana 7:50-51). Hawakumpenda kwa hilo. Lakini leo tunalijua jina lake.

Na kama wewe ndiye uliyechoka, uliyeelemewa, ambaye watu wanatazama nywele zako na hawaoni machozi yako, usinyamaze. Mtafute mtu mmoja umwambie leo: mama, mwalimu, rafiki, mganga wa zahanati, au yule aliyekupa karatasi hii. Mshike mkono umwambie, "Nisikilize." Akianza kuhukumu kabla hujamaliza, mpe karatasi hii aisome naye.

UKISHASOMA, MPE MWENZAKO.