Haki ya Njia baina ya Mwenye Motokaa na Mwenye Baiskeli

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja aliyehamia Kiptere, katika kaunti ya Kericho, kwa ajili ya biashara. Huko ni nchi ya majani ya chai, nchi ya vilima na mvua, na barabara yake huchukua kila kitu kwa pamoja: malori, matatu, pikipiki, wapanda baiskeli wenye mizigo, na watoto waendao skuli kwa miguu. Ndugu yetu asema ameona mara nyingi motokaa ikimjia mpanda baiskeli kwa nyuma, ikapiga honi, na yule mnyonge akajitupa matopeni ili aiokoe roho yake. Waliomo garini huona kuwa halikutendeka kosa, maana honi imepigwa. Basi auliza: je, mwenye kupiga honi amekwisha kutimiza wajibu wake? Na je, yawezekana watu hawa wawili kuitumia njia moja kwa uadilifu, au mnyonge hana ila kumpisha mwenye nguvu siku zote?

Suali hili si la Kiptere peke yake. Nasi hapa pwani tuna madereva, tuna wenye baiskeli, tuna hamali wasukumao mikokoteni, na kila mmoja wetu, hata mwenye gari, huwa mwendaji kwa miguu ashukapo kwenda msikitini. Kwa hivyo tumeona tulijibu hadharani.

Asili ya jambo ni kuwa njia kuu ni ya watu wote. Hapana mmoja awezaye kuimiliki, wala kuizuia. Wanavyuoni wameeleza kuwa kila mtu ana ruhusa ya kupita, kwa sharti kuwa kupita kwake kusimdhuru mwenziwe. Tulitazame vyema sharti hili. Ruhusa haikutolewa tupu; imefungwa pamoja na salama ya wengine. Na Mtume wetu (S.A.W.), alipowakataza sahaba zake kukaa njiani nao wakasema kuwa hawana budi, aliwaamrisha waipe njia haki yake, na katika haki hiyo akataja kuzuia udhia. Akafundisha pia kuwa aliyepanda ndiye atakayeanza kumsalimu aendaye kwa miguu. Baadhi ya wanavyuoni wameitaja hekima yake, nayo ni kuwa aliyepanda asije akatakabari kwa kipando chake. Tazameni basi mpango huu: aliye juu, aliye mwepesi, aliye na nguvu, ndiye aanzaye kumpa mwenziwe amani.

Tuje sasa kwenye honi. Imam Nawawi, katika kitabu chake Minhaj ambacho wanafunzi wetu wa pwani hukisoma, ametaja mtu aingiaye sokoni na mzigo wa kuni, juu ya mgongo wake au juu ya mnyama wake. Palipo na msongamano, mzigo huo ukiua mtu au ukiharibu mali, dhamana ni juu ya mwenye mzigo. Pasipo msongamano, nguo ya mtu ikiraruliwa na kuni zile, mwenye mzigo hadaiwi, kwani mwenye nguo alikuwa na macho ya kuona na nafasi ya kujiepusha. Illa wawili wametolewa katika hukumu hii: kipofu, na yule aliyempa mnyama mgongo. Hao lazima waonywe, kwani hawaoni kinachowajia.

Mpanda baiskeli ajiwaye na gari kwa nyuma ndiye huyo aliyegeuza mgongo. Basi honi ni deni la mwenye gari kwake. Mababu zetu walilijua jambo hili katika vichochoro vya Mombasa na Lamu. Hamali mwenye mzigo alikuwa akiita "Simile! Simile!", na neno hili asili yake ni Bismillahi. Alikuwa akitaja jina la Mungu wake, na kumpa mwenziwe khabari kuwa khatari yaja. Wala hakuwa akiita huku akienda mbio. Aliita, akapunguza mwendo, akangoja mtu apate pahali pa kusimama.

Honi ya leo mara nyingi si simile. Ni amri ya kumtaka mtu ajiondoe. Na tafauti baina ya onyo na amri ni hii: mwenye kuonya hubaki na wajibu wa kusimama iwapo aliyeonywa hakusikia, au hana pa kwenda. Kando ya barabara ya vilimani baada ya mvua huwa hapana ila matope na mtaro. Basi kumpigia honi mtu asiye na pa kwenda, kisha kuendelea kwa mwendo ule ule, hakumtoi mtu katika dhamana, bali ni ushahidi juu yake kuwa alimwona.

Wako wasemao: "Sisi ndio tulipao ushuru wa barabara, na mwenye baiskeli halipi kitu." Ni kweli kuwa Kenya ina ushuru wa kutengenezea barabara utozwao katika mafuta, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1993, na mwaka 2024 ukapandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita. Lakini hoja hii haisimami. Kanuni ya sharia ni kuwa apataye faida ya kitu ndiye achukuaye gharama yake. Barabara huchimbika kwa uzito wa malori na magari, baiskeli haiichimbi. Basi alipaye hulipia uharibifu wake mwenyewe, hanunui njia. Na mwenye kulipa ushuru wa soko hapati kwa ushuru huo ruhusa ya kumkanyaga mnunuzi.

Wako wengine wasemao, na hawa maneno yao yana uzito zaidi: "Wapanda baiskeli nao ni wakosa. Huenda usiku bila taa, hupita upande usio wao, hushika mkia wa lori lipandapo mlima ili wavutwe." Haya ni kweli, wala hatutaki kuyaficha. Mwenye baiskeli naye yampasa taa, na breki nzima, na kushika upande wake, na kutobeba mzigo umshindao. Kujitia katika maangamizo kumekatazwa, na unyonge si udhuru wa kuacha wajibu. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, wapandaji wawili wakigongana bila kukusudia, wakafa wote wawili, hapana achukuaye lawama yote peke yake. Kwa kila mmoja wao hulipwa nusu ya dia, kwani kila mmoja amekufa kwa tendo lake na kwa tendo la mwenziwe.

Je, hii si dalili kuwa gari na baiskeli ni sawa mbele ya sharia, nusu kwa nusu? La. Wanavyuoni hao hao waliuona mbali mpaka wake. Wakasema: ikiwa mnyama mmoja ni dhaifu mno, hata ikajulikana kwa yakini kuwa mwendo wake hauna athari yoyote mbele ya nguvu za yule wa pili, basi mwendo wake haufungamani na hukumu. Hatudai kuwa kila mgongano wa gari na baiskeli ni wa namna hiyo. Hayo ni ya kadhi na mashahidi. Twadai kuwa maana yake ni wazi: sharia haikufumba macho isione nguvu. Na motokaa ina nguvu gani? Ikizidisha mwendo kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, nguvu ya pigo lake haiongezeki mara mbili bali mara nne. Mwenye baiskeli akikosea, mara nyingi aumiaye ni yeye. Mwenye gari akikosea, afaye ni mwengine. Basi kuwapa wote wawili wajibu wa kiasi kimoja ni usawa wa maneno tu, nao ndani yake mna dhulma.

Na hapa twataka kulitaja neno tulisikialo katika kila matanga ya aliyegongwa: "Ni kudra ya Mungu." Ndiyo, kila jambo ni kwa kudra yake, na ajali haitangulii wala haitaakhari. Lakini kadari ni faraja ya aliyefiwa. Si ngao ya aliyeua. Lau kadari ingekuwa ni udhuru, Mwenyezi Mungu asingeamrisha katika Suratun-Nisaa dia na kafara kwa mwenye kuua kwa makosa. Na kafara hiyo ni kumwacha huru mtumwa, na asiyepata, ni saumu ya miezi miwili mfululizo. Wangapi katika madereva wetu Waislamu wameua mtu barabarani, bima ikalipa, mahakama ikafunga faili, wakaona yamekwisha? Malipo ya bima hayafungi saumu kwa niaba ya mtu. Na wenye kushirikiana katika kuua, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, kila mmoja ana kafara kamili juu yake. Mwenye khofu ya jambo hili na aende kwa mwanachuoni amweleze kisa chake, wala asiakhirishe.

Wala si haki kuwaachia madereva peke yao lawama yote. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani, katika kaunti hiyo hiyo ya Kericho, lori lililobeba kontena liliacha njia likawavamia wachuuzi, waendesha pikipiki na wasafiri waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Hao hawakuwa katikati ya njia. Walikuwa pembeni, pale tuwaambiapo wanyonge wakae. Basi kupisha peke yake hakuokoi. Yawapasa wenye mamlaka, ambao ndio wakusanyao ushuru, waitenge njia ya baiskeli na ya miguu, na waweke kinga baina ya masoko na malori. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni, na zaidi ya nusu ya wafao hivyo ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Mali ya wote iliyojengwa kwa salama ya baadhi yao haijawa ya wote.

Lakini tusingojee serikali katika lile lililo mikononi mwetu. Sheria ya Kenya imekataza kupita kilomita 50 kwa saa ndani ya vituo vya biashara na miji, na Kiptere ni kituo cha biashara. Kuifuata sheria hii ni wajibu, kwani imewekwa kwa maslaha ya watu, na aliyechukua leseni amefunga ahadi. Mwenye gari ya kukodisha asimpangie dereva wake hesabu isiyopatikana ila kwa mbio, kwani atakuwa mshirika wake katika dhambi. Abiria aonapo dereva amsukuma mwenye baiskeli mtaroni, asinyamaze wala asicheke, kukataza maovu ni katika haki za njia alizozitaja Mtume (S.A.W.). Na baba ampaye mwanawe baiskeli amnunulie na taa.

Jawabu letu kwa ndugu yetu wa Kiptere basi ni hili. Mwenye kupiga honi hajatimiza wajibu wake mpaka apunguze mwendo, na angoje hata aliye mbele yake apate nafasi. Asipoipata, na asubiri nyuma yake, kwani yule aliye mbele ametangulia, na dakika moja ya safari haina thamani mbele ya roho. Na kushirikiana njia kwa uadilifu yawezekana, kwa sharti kuwa kila mtu achukue wajibu kwa kadiri ya madhara awezayo kuyafanya. Na wewe, ndugu yetu, unapopanda gari huko, mwambie dereva wako maneno haya kwa upole kabla hamjaondoka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika njia zetu, awaponye waliojeruhiwa, na atujaalie kuwa katika wale wendao juu ya ardhi kwa unyenyekevu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.