Ukweli wa Difu ni Mali ya Nani?

Ndugu msomaji, kuna methali mbili ambazo kila dalali wa magari anazo mdomoni. Ya kwanza ni "mwenye macho haambiwi tazama". Ya pili ni "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza". Ukisitasita kununua, utapewa ya pili: tazama mwenyewe, gari inajiuza hii. Ukinunua, ikakufia njiani, ukarudi kulalamika, utapewa ya kwanza: macho si ulikuwa nayo? Kwa mtazamo wangu methali zote mbili ni nzuri sokoni penye nyanya na samaki. Lakini zinashindwa kabisa chini ya gari, mbele ya kile kibuyu cha chuma kinachoitwa difu.

Sisemi haya kama fundi. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nafasi ya kuendelea sikupata, na sasa naandika riwaya ambayo bado haina mchapishaji wala mwisho. Mhusika wangu mkuu ni dereva. Ili nisimwandikie mambo ya kubahatisha, nikaanza kushinda kwenye gereji ya jirani yetu huku Ilala. Nashika taa, nampa fundi spana, nasikiliza. Nilikwenda kutafuta maneno ya kazi, nikatoka na swali ambalo linaninyima usingizi: mtu akijua ubovu uliofichika, ubovu ambao mwingine hawezi kuuona, ukweli huo ni mali ya nani? Ni wa aliyelipa ili ujulikane, au ni wa yule atakayeumia usipojulikana?

Hebu kwanza tuone ukweli huo unapatikana vipi, maana haupatikani kwa macho.

Chukua Suzuki Escudo ya miaka ya tisini, gari ambayo mpaka leo inazunguka sana mitaani kwetu. Injini inazungusha giaboksi, giaboksi inaipa transfa, na transfa ndiyo inayogawa nguvu. Ukiwa umeweka magurudumu mawili, nguvu inakwenda nyuma tu, kupitia propela hadi difu ya nyuma. Ukivuta ile gia fupi na kuweka manne, propela ya mbele nayo inapewa kazi, na difu ya mbele inaamka. Nguvu inapita njia ndefu, na mlio nao unapita njia hiyohiyo. Chesisi inaubeba, bodi inaupokea, na abiria ataapa kwamba kelele iko chini ya kiti chake, kumbe iko mita mbili nyuma yake.

Kwa hiyo fundi mzuri haanzi kwa kuuliza "nini kimekufa?" Anauliza "mlio unabadilika wakati gani?" Anaichukua gari barabarani. Lami ikibadilika na mlio ukabadilika, anazishuku tairi kwanza. Akiyumbisha gari kushoto na kulia, mlio ukazidi uzito unapoegemea upande mmoja, anaishuku beringi ya gurudumu la upande huo. Akikata kona kali ikasikika ka-ka-ka mbele, anaangalia sivi joint. Akitoka gia ya kwanza kwenda rivasi pakagonga "ko!", anaingia chini kushika propela kwa mkono na kuona kama krosi zinacheza. Na kama gari inalia kama nyuki mwenye hasira anapokanyaga mafuta, kisha akiachia mafuta mlio unageuka au unapotea, basi mkono wake unaanza kuelekea kwenye difu. Akitaka kuijaribu difu ya mbele, anatafuta barabara ya vumbi ndipo aweke manne. Kwenye lami kavu gari ya aina hii haipendi. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali sawa kwenye kona, na katikati hakuna difu ya kuwapatanisha.

Mwisho wa yote anafungua oili. Nati ya kutolea oili mara nyingi ina sumaku. Ukikuta imepakaa uji laini wa kijivu, huo ni uzee wa kawaida. Ukikuta vipande vyenye makali kama kucha zilizokatwa, hapo kuna jino au beringi inayokwisha.

Naam, sasa niambie, hayo macho ya methali yangeona nini? Chini ya gari lipo tope, lipo vumbi, na kuna kibuyu kilichofungwa. Anayejua amejua kwa sikio, kwa vidole na kwa miaka mingi. Mnunuzi wa kawaida hana vitu hivyo. Kumwambia atazame ni kumfanyia mzaha.

Na hata huyo mwenye sikio anaweza kudanganywa. Difu kwa kawaida inatiwa oili namba 90. Anayetaka kuuza haraka anatia namba 140, nzito, au anachanganya na grisi kabisa. Mafundi wa zamani wanasimulia hata unga wa mbao. Meno yaliyolika yanagongana kwenye ule uji mzito, kelele inapungua, na kwa siku kadhaa gari ni bubu. Hapo ndipo mtu anapouziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi aliyefungwa mdomo.

Jambo nililoliona ni hili. Jamaa mmoja alileta Escudo yake kwa jirani yangu. Fundi akaizungusha, akarudi, akasema beringi ya pinieni, ile gia ndogo inayopokea nguvu ya propela ndani ya difu ya nyuma, inakwisha. Mwenye gari akauliza bei ya kutengeneza, akaguna. Akasema, "Fundi, wewe nitilie oili nzito tu, wiki hii naiuza." Fundi akakataa kwa upole, akapokea hela yake ya kupima, wakaachana.

Siku chache baadaye gari ileile ikarudi. Safari hii aliyekuja nayo, akiwa na dalali pembeni, alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuwa na kiinua mgongo chake na shamba upande wa Kisarawe, ambako masika gari ndogo haifiki. Hakujua kwamba gari ilishapita hapo. "Shikamoo mwalimu," fundi alimwamkia. "Marahaba, mwanangu. Nipimie hii gari, mimi sijui kitu."

Gari ilikuwa kimya kabisa. Dalali anatabasamu.

Ndugu msomaji, tusimame hapo, maana hapo ndipo penye falsafa. Fundi ana wateja wawili na ukweli mmoja. Wa kwanza alilipa ili ajue, na huenda alidhani amenunua pia ukimya. Wa pili naye analipa ili ajue kitu kilekile. Je, fundi aseme "hii naijua, juzi ililia"? Hapo atakuwa ametoa siri ya mteja. Au apime kijuujuu, aseme "gari ni chuma, mzee"? Hapo atakuwa amepokea hela ya mwalimu na kumuuzia kiziwi.

Swali hili si la leo wala si la Ilala peke yake. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mroma aitwaye Cicero aliandika kitabu kuhusu wajibu, na humo akawapambanisha wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater, juu ya mtu anayeuza nyumba mbovu ambayo ubovu wake anaujua yeye tu. Diogenes alitetea kwamba kunyamaza si sawa na kudanganya, muuzaji hamlazimishi mtu kununua. Antipater alisema hapana, kumwacha mnunuzi aingie shimoni huku unaliona shimo ni kama kumnyima njia mtu aliyepotea. Cicero mwenyewe aliegemea upande wa Antipater. Kwake kosa liko pale unapotaka, kwa faida yako, kitu unachokijua kisijulikane na yule kinayemhusu.

Mimi naongeza tofauti moja niliyojifunza kwenye oili. Kunyamaza kuna aina mbili. Kuna kunyamaza kwa mtu asiyesema, na kuna kunyamazisha kitu ili nacho kisiseme. Ya kwanza unaweza kuitetea, angalau mahali pengine. Daktari ananyamaza, mwanasheria ananyamaza. Lakini oili nzito ni uongo kamili ulioambiwa sikio, ingawa hakuna mdomo uliofunguka. Aliyeitia hawezi kusema "sikuulizwa".

Fundi wetu alifanya nini? Hakutamka neno juu ya juzi. Alisema tu, "Mwalimu, mimi gari ya mtu siipimi bila kufungua oili." Dalali akaja juu: muda hakuna, mwenyewe hakuruhusu. Mwalimu akasema kama haifunguliwi, hanunui. Ikafunguliwa. Oili ikatoka taratibu kama asali ya Tabora, na kwenye nati vile vipande. Fundi akamwekea mwalimu kipande kimoja kiganjani. Ikapigwa simu kwa mwenye gari, bei ikashuka, mwalimu akanunua na difu ikatengenezwa.

Pale gereji palizuka kasheshe. Vijana wengine walisema fundi amemtia mwenzake mchanga kwenye kitumbua. Wengine walisema kamwokoa mzee wa watu asiingizwe mjini. Mimi nasema hivi: siri ya mteja ni maneno yake, kwamba alikuja, kwamba alikataa bei, kwamba aliomba oili nzito. Hayo fundi hakuyatoa. Lakini vile vyuma vilivyovunjika si siri ya mtu. Ni hali ya gari, na gari inakwenda na wanaokaa ndani yake. Tena hapa ilikuwa difu, hasara ya fedha. Ingekuwa krosi ya propela ya mbele iliyolegea, propela ikachomoka ikachoma barabara gari ikiwa kasi, tungekuwa tunazungumzia maiti. Penye uhai wa watu mimi ningemtaka fundi aseme waziwazi, hata asipoulizwa, hata kwa mtu asiyemlipa senti.

Kuna watakaosema soko litajirekebisha lenyewe. Mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika mwaka 1970 juu ya soko hilihili la magari yaliyotumika, na akaonyesha kinyume chake. Mnunuzi asipoweza kutofautisha nzima na mbovu, anatoa bei ya wasiwasi kwa zote. Mwenye gari nzima anaona anapunjwa, anaiondoa sokoni, na zinabaki mbovu. Yaani pasipo ukweli, kizuri hakijiuzi hata kidogo. Kinachojiuza ni kilichonyamazishwa vizuri.

Na sisi tunaoshika kalamu tusijione tuko mbali. Ukiona hadithi yako ina mahali inapolia, mhusika anatenda jambo ambalo hana sababu ya kulitenda, utajaribiwa kutia sentensi nzito nzito hapo ili msomaji asisikie. Anaweza asisikie kurasa mbili tatu. Afadhali kufungua difu.

Lakini nisiwafiche upande wa pili wa hesabu. Yule dalali hajaleta tena gari kwa jirani yangu, na amewaambia wenzake. Fundi analipa kwa ukweli ule kila wiki, na watoto wake wana ada. Sisi tunaopenda mafundi waaminifu huwa tunawasifu kwa mdomo tu, kisha tunanunua gari kwa kuzunguka mtaa mara moja na kupiga tairi teke. Kama ukweli wa difu ni wa mnunuzi, basi mnunuzi naye aulipie. Nenda na fundi wako mwenyewe, mpe haki yake kabla hujajua jibu, na mwambie afungue oili mbele yako.