Tarehe 12 Desemba Si Hirizi

Somo: Hagai 2:10–23, Kutoka 12:1–4, 40–42



Tangu mwezi huu uanze, watu kadhaa wamenionyesha ujumbe mmoja kwenye simu zao. Unasema tarehe 12 ya mwezi wa 12 ni mlango wa mbinguni unaofunguka mara moja kwa mwaka, na anayetaka upenyo apande mbegu ya shilingi 1,212 kabla ya saa sita usiku. Mama mmoja akaniuliza, "Pasta, nikituma 1,200, hizo kumi na mbili zikikosekana, mlango utakataa?" Nilitaka kucheka, lakini nikaona hatanii. Hizo pesa alikuwa ameziweka za kununua dawa ya kupulizia ndengu, na wadudu walikuwa wameshaingia shambani. Nilimwambia akanunue dawa. Leo nataka kuwaeleza kwa nini nilimwambia hivyo, kwa sababu mimi pia naamini Mungu hufanya mambo kwa siku maalum. Tunachotofautiana na mwenye ujumbe ule ni siku inafanya nini.

Hebu tuitazame tarehe yenyewe. Sote tunajua 12 Desemba 1963: saa sita usiku, Nairobi, bendera ya Uingereza ikashushwa na yetu ikapanda. Lakini muulize kijana wa sekondari Jamhuri ni nini, atakuambia ni uhuru. Si hivyo. Uhuru ulipatikana 1963. Kwa mwaka mzima baada ya hapo Kenya ilikuwa huru, na bado mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa hapa na Gavana Mkuu, Malcolm MacDonald. Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu. Jamhuri ilikuja 12 Desemba 1964, na ndipo Kenyatta akawa Rais. Ni kama mtu aliyepewa funguo za duka, anafungua asubuhi na kufunga jioni, lakini leseni ukutani bado ina jina la mwenye duka wa zamani.

Na tarehe hizo mbili hazikugongana kwa bahati. Waliopanga Jamhuri waliichagua siku ile ile makusudi. Kabla ya hapo kulikuwa na kazi: katiba ibadilishwe, wabunge wakubaliane. Paul Ngei wetu, aliyefungwa pamoja na Kenyatta katika kesi ya Kapenguria, alikuwa ameunda chama chake cha APP mwaka 1962, na mwaka uliofuata akarudi KANU. KADU nayo ilijivunja Novemba 1964. Unaweza kuupenda mwisho wa vyama hivyo au usiupende (wazee wangu hawajamaliza kubishana), lakini tarehe haikuileta Jamhuri. Watu waliifanyia kazi, kisha wakaipa tarehe.

Siku hiyo hiyo imebeba mengine. 12 Desemba 1901, kwa maelezo yake mwenyewe, Marconi alipokea herufi moja, S, kutoka ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki bila waya. Kwa hiyo hata anayekutumia ujumbe wa 1,212 ana deni kwake. 12 Desemba 2015, huko Paris, mataifa yalikubaliana juu ya tabianchi, jambo ambalo mkulima wa Kibwezi au Mutomo analijua kwa ngozi yake kuliko wengi waliokuwa ndani ya ukumbi ule. Na 12 Desemba 2012 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kwamba kila mtu apate matibabu bila kufilisika, ndiyo maana leo siku hiyo ni ya kimataifa ya afya kwa wote. Ndugu wa Makueni, ninyi mnalijua hilo kuliko wengi. MakueniCare ilipoanza 2016, nyumba ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Linganisheni na 1,212.

Lakini kuna nyumba huku kwetu ambako Desemba inatajwa kwa sauti ya chini. Jumamosi, tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilizama katika Mto Enziu, kule Mwingi, likijaribu kuvuka maji ya mafuriko. Zaidi ya watu 30 walikufa. Siku nane baadaye ilikuwa Jamhuri, tena ilikuwa Jumapili. Nchi ilipiga ngoma. Kuna watu Mwingi ambao wiki hiyo walikuwa wanazika. Ile mvua tuliyoiombea ndiyo iliyojaza mto. Sina maelezo ya hilo, na sitatunga. Nasema tu kwamba anayeuza Desemba kama mwezi wa upenyo aje kwanza akae kidogo na watu hao kabla hajataja bei.

Sasa tufungue Hagai. Ni kitabu kifupi, sura mbili tu, na kimejaa tarehe kama kitabu cha risiti. Mwaka wa pili wa mfalme Dario, mwezi wa tisa, siku ya ishirini na nne. Angalia kwanza hapo: nabii wa Mungu anaandika tarehe kwa jina la mfalme wa kigeni. Kwa nini? Kwa sababu Yuda hakukuwa na mfalme. Walikuwa wamerudi kutoka Babeli, wako nyumbani, lakini leseni ukutani ilikuwa ya Dario. Wataalamu wakihesabu hiyo siku kwa kalenda yetu wanapata 18 Desemba, mwaka 520 kabla ya Kristo. Desemba! Wakulima wa kule nao walikuwa wameshapanda, wanatazama mawingu.

Siku hiyo moja neno la Bwana lilikuja mara mbili, na watu hupenda kurukia mstari wa 19, ule wa "tangu siku ya leo nitawabariki". Ni mstari mtamu, na nimeuhubiri. Lakini neno la kwanza la siku hiyo halikuanza na baraka. Lilianza na swali kwa makuhani. Mtu amebeba nyama takatifu kwenye pindo la vazi lake. Pindo hilo likigusa mkate au mafuta, je, vitakuwa vitakatifu? Makuhani wakajibu, la. Je, aliyenajisika kwa maiti akivigusa? Hapo wakajibu, ndiyo, vitanajisika.

Wapendwa, someni tena mstari wa 12 na 13. Siku ile ile ambayo Mungu aliitangaza kuwa ya baraka, kwanza alihakikisha hakuna atakayeigeuza hirizi. Utakatifu haurukii kitu kwa kuguswa. Pesa yako haitakaswi kwa kugusa tarehe 12. Huwezi kuchukua shilingi 1,212, ukaisugua kwenye kalenda, ikawa na nguvu ambayo haikuwa nayo tarehe 11. Lakini kinyume chake kinawezekana: pesa ya karo ya mtoto, ikitolewa kwa hofu ya kufungiwa mlango, hofu hiyo inaingia mpaka kwenye sadaka.

Baada ya hapo Bwana akawapeleka kwenye hesabu. Mimi nilisomea biashara, na nawaambia hakuna mhasibu angeifanya vizuri zaidi. Mtu alikwenda kwenye chungu ya nafaka akitarajia vipimo ishirini, akapata kumi: amepoteza nusu. Akaenda shinikizoni kuteka hamsini, akapata ishirini: ni hasara ya asilimia 60. Na sura ya kwanza ilikuwa imeshataja mshahara unaowekwa kwenye mfuko uliotoboka. Wazee wetu wa Ukambani wanaijua hali hiyo. Hawakuhesabu njaa kwa tarakimu, waliipa jina, na ile ya 1984 waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika pesa mkononi. Pesa ilikuwepo, chakula cha kununua hakikuwepo. Hakuna aliyeuliza hiyo ilikuwa tarehe ngapi. Waliitunza kwa yaliyotokea.

Kisha mstari wa 19 wenyewe. Mungu anauliza, je, mbegu bado imo ghalani? Jibu ni hapana, imeshaingia udongoni. Mzabibu, mtini, mkomamanga, mzeituni, yote bado haijazaa. Ghala ni tupu na shamba ni kijani tu. Hapo ndipo anaposema atawabariki, wakati hakuna cha kumwonyesha jirani. Kama umewahi kusimama kwenye mlango wa ghala lako katikati ya Desemba, mahindi ya mwaka jana yamekwisha na ndengu bado ina maua, wewe umeielewa Hagai bila kamusi.

Lakini kabla ya siku hiyo ya mwezi wa tisa kulikuwa na siku ya ishirini na nne ya mwezi wa sita. Ndipo watu walipoanza kazi ya nyumba ya Bwana. Miezi mitatu ya kubeba mawe. Baraka ya tarehe 24 iliwakuta watu wenye vumbi mikononi, na Mungu hakuwaambia wailipie ada.

Neno la pili la siku ile lilikuwa la Zerubabeli peke yake, liwali wa Yuda: Bwana atatikisa mbingu na nchi, atapindua viti vya enzi, naye Zerubabeli atakuwa kama pete ya muhuri. Huyu si mfalme. Ni liwali, ameajiriwa na Dario. Asubuhi Mungu anazungumza habari za nafaka, na siku ile ile anazungumza habari za falme. Mimi napenda hilo. Mungu wetu haoni aibu kuziweka ndengu na serikali kwenye tarehe moja.

Hapa nataka kuuliza kanisa jambo. Wengi wetu tuna 1963 yetu. Tunakumbuka siku tuliyookoka, mkutano ulikuwa wapi, nani alihubiri, tulilia namna gani. Sawa. Na 1964 je? Mkopo unaoulipa usiku kwa usiri, hasira unayomwekea ndugu yako kwa sababu ya mpaka wa shamba, biashara yenye vitabu viwili, kimoja cha kuonyesha na kimoja cha ukweli: jina lililo ukutani ni la nani? Unaweza kuwa huru mwaka mzima, au miaka kumi, na bado barua zinakuja kwa jina la Dario.

Najua kuna atakayeniambia, "Mchungaji, Kutoka 12 inasema miaka 430 ilitimia, wakatoka siku ile ile." Amina, inasema hivyo. Lakini nani alikuwa anahesabu? Waisraeli walikuwa wanafyatua matofali. Mungu ndiye aliyetunza kalenda, na hakukosea hata siku moja. Wao walichoagizwa ni kuhesabu vichwa vya watu nyumbani. Mstari wa nne unasema nyumba ikiwa ndogo mno kwa mwana-kondoo mmoja, basi na washirikiane na jirani aliye karibu, kwa idadi ya watu. Hicho ndicho Mungu alichotaka kihesabiwe kabla ya usiku ule: nani yuko ndani, nani yuko mlango wa pili, na nyama itawatosha?

Kwa hiyo Ijumaa hii, tarehe 12, hakutakuwa na sadaka maalum. Wazee wa kanisa wamekubali, na mchungaji kiongozi amebariki. Tutakutana saa nne asubuhi, baada ya wale wanaotaka kwenda kwenye sherehe za kaunti kujiamulia. Kila nyumba ije na jina la nyumba moja ya jirani ambayo haijalipia matibabu au haina chakula cha kuifikisha mavuno ya Januari, awe wa kanisa letu au la. Tutaandika orodha, tutaona tuna nini, na tutagawa. Wenye maembe Makueni wameahidi magunia. Wenye mbuzi, nyumba mbili zinaweza kushirikiana mmoja. Wa ng'ambo ya Athi watakutanika kwenye kanisa lao, saa hiyo hiyo, na jioni makatibu wa pande zote mbili watalinganisha orodha zao kwa simu.