Kazi za Wenye Firasa

Wengi katika wazee wetu, wamwonapo kijana si hodari wa hesabu na hoja, humkatia tamaa wakasema, "Huyu hana akili." Tena wapo vijana ambao, kwa kuwa mioyo yao huwahi kuyaona mambo kabla ya ndimi zao kuweza kuyaeleza, hudhani hawana haja ya kujifunza. Kwa rai yetu, makundi yote mawili yamekosea.

Firasa ni kulijua jambo mara moja, kabla ya kuweza kutaja sababu zake. Je, ni kipaji kitupu anachozaliwa nacho mtu? Mtaalamu wa Marekani, Gary Klein, katika miaka ya 1980 aliwachunguza wakuu wa vikosi vya zimamoto. Aliona kwamba mara nyingi hawakulinganisha njia mbili au tatu ndipo wakaamua. Walizitambua dalili walizokwisha kuziona katika mioto iliyotangulia, wakajua la kufanya. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Basi ule wepesi wao ulikuwa ni elimu, ila ni elimu iliyokwisha kuingia machoni na mikononi.

Mwaka 2009 Klein aliandika pamoja na Daniel Kahneman, aliyekuwa na shaka nyingi juu ya firasa za wataalamu, nao wakaafikiana juu ya masharti mawili: kazi iwe na dalili zisizobadilika ovyo, na mwenye kuifanya apate muda mrefu wa kujifunza dalili hizo, huku akionyeshwa alipopata na alipokosa.

Kwa mizani hiyo twaweza kuchagua. Fundi wa majahazi wa Matondoni, kule Lamu, alizoea kujenga chombo kwa jicho, bila ya mchoro. Ubao ukikaa vibaya, bahari haikawii kumwambia. Kadhalika nahodha, mvuvi, mpishi, muuguzi na mkunga: hawa wote jawabu la kazi yao li karibu nao. Kazi hizi zamfaa kijana mwenye firasa, wala hazina unyonge.

Hata hivyo, firasa haikatai kupimwa. Mwaka 1952 daktari Virginia Apgar wa Marekani aliweka dalili tano za kumpimia mtoto mchanga: mapigo ya moyo, pumzi, rangi, nguvu za viungo, na namna aitikiavyo aguswapo. Kwani jicho la mzoefu nalo hughafilika.

Ama kazi ambazo kosa lake huchelewa kuonekana, au humwangukia mwingine, hizo zataka hoja na hesabu. Kadhi hahukumu kwa hisia za moyo wake. Humtaka mdai ushahidi, hata kama uso wa mdaiwa wamtia shaka. Na wasii aliyeaminiwa mali ya mayatima, akiitia katika biashara kwa kuwa "moyo wamwambia", hasara itawapata wasioweza kujitetea. Hapo firasa bila ya hesabu si kipaji, ni khiyana.

Basi, enyi wazee, msimdharau kijana wa namna hii. Mpelekeni kwa fundi mwema atakayemsahihisha. Nawe kijana, moyo ukikwambia neno, uulize: umefunzwa wapi, na ulipokosea ni nani aliyekurudi? Ukiwa na jawabu, ufuate. Ukiwa huna, kaa kwanza ujifunze. Na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.