Hofu Chini ya Maji

Je, mtu mwenye hofu ana imani? Tumezoea kujibu haraka kwamba hana, na jibu hilo limewanyamazisha wengi katika sharika zetu. Tulipime mahali ambapo hofu huja yenyewe bila kuitwa: kwa mtu anayejifunza kuzamia baharini kwa mara ya kwanza, mtungi wa hewa mgongoni, kama wanavyojifunza watu kule Nungwi au kisiwani Mafia.

Hofu ya mtu huyo ni ya haki. Binadamu hakuumbwa kupumua majini, na uso ukifunikwa na maji pumzi hutaka kukatika yenyewe. Wengi wetu tuliohamia pwani kutoka bara tunaijua bahari mwisho magotini, basi tusimcheke. Mwalimu mzuri naye hamcheki, wala hamwambii, "Amini tu." Humpeleka kwanza penye kina kifupi, anapoweza kusimama, akampa kazi ndogo. Aache maji kidogo yaingie kwenye miwani, kisha ayatoe kwa kupuliza hewa puani. Arudie. Atoe kipumulio kinywani huku akiachia mapovu taratibu, akitafute, akirudishe. Arudie tena. Moyo bado unadunda, lakini kwa kurudia mkono umeshajua kipumulio kilipo. Imani za wengi wetu zimekua hivyo hivyo, ingawa ushuhuda tunaopenda kuusikia ibadani ni wa aliyebadilika usiku mmoja.

Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kutozuia pumzi. Kwenye kina cha mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Hewa iliyovutwa huko hutanuka mtu anapopanda, na akiwa amebana pumzi, mapafu yake yanaweza kupasuka. Sasa, aliyeshikwa na hofu kuu hutamani mambo mawili hasa: kubana pumzi na kukimbilia juu. Ndiyo maana anayeificha hofu yake ni wa kuhofiwa kuliko anayeisema. Iliyosemwa mapema hupata msaada. Mwenzake humshika mkono, wakatulia mpaka pumzi irudi kwenye mwendo wake.

Wazamiaji huenda wawili wawili, na kwa kuwa hawawezi kusema, huulizana kwa mikono. Kidole gumba kikielekezwa juu, ambacho kwetu ni "safi kabisa", kwao maana yake ni "tupande". Yeyote anaweza kutoa ishara hiyo wakati wowote, na mwenzake hupanda naye bila kudai maelezo, hata kama yeye ana hewa tele na ndiyo kwanza amemwona kasa.

Tulinganishe na salamu zetu mlangoni mwa kanisa. "Bwana asifiwe!" "Amina!" Mjane anayeogopa usiku hujibu Amina. Kijana anayesubiri majibu ya hospitali hujibu Amina. Ni salamu njema, na hatutaki iachwe; lakini tumewaachia ishara gani nyingine? Petro alipoanza kuzama alipiga kelele, na wenzake wakiwa pale chomboni. Mkono wa Bwana ulimfikia kwanza. Swali kuhusu imani yake haba lilikuja akiwa tayari ameshikwa. Sisi hupenda kuanza na swali, na mara nyingine hatufiki kwenye mkono.

Siku ya kushuka kwenye kina, mwanafunzi huteremka akiwa ameshika kamba. Masikio yakimuuma, hupanda kidogo, hubana pua na kupuliza polepole, kisha hujaribu tena. Wengine huchukua muda mrefu kwa jambo hili dogo. Mwenzake humngojea palepale kwenye kamba, akimtazama machoni.