Kijiji Kisicho na Hodi

"Dunia imekuwa kijiji, papa. Ndege zimemaliza umbali."

Kijana aliyeniambia hivyo ni msomi, na aliyasema kwenye matanga ya mama mmoja wa hapa Shasha, aliyefia uzazini kwa sababu njia ya Sake kwenda Goma ilikuwa haipitiki. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Leo sinyamazi.

Umbali kila mtu anaujua, na ukaribu vilevile. Sina haja ya kuvieleza. Ninachouliza ni nani amekaribiana na nani.

Najua chanjo na dawa huja kwa ndege, na waliopona kwa sababu hiyo wana haki ya kunipinga. Najua pia kwamba barabara ikioza, kosa si la rubani. Jibu linalonichoma ni lile ambalo kijana aliongeza: "Hata asiyepanda ndege anafaidika."

Haya, tuitafute hiyo faida. Kule Kilambo, Walikale, ndege zilishuka kwenye lami ya barabara yenyewe. Pikipiki na waenda kwa miguu walisukumwa pembeni, na njia yao ikageuka kiwanja. Kasiterite, jiwe la bati, ilitoka mgodini Bisie mgongoni mwa watu, magunia ya kilo 50 yakipita msituni kwa miguu hadi Njingala, ndipo gari likayapokea. Nilimtazama mbebaji mmoja aliyefuatana na mzigo hadi Kilambo. Begani, pale kamba inapokaa, ngozi ilikuwa ngumu kama kisigino. Alisimama akaitazama ndege ikipakiwa mpaka ikaruka, kisha akageuka kurudi msituni. Jiwe lilipata nafasi, yeye hakupata. Sabuni na mchele vilishuka kwa ndege hizohizo, bei haikushuka.

Au twende Goma. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, njia ya kurukia ikawa fupi. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege aina ya DC-9 ilishindwa kupaa ikaangukia Birere, katikati ya watu na biashara zao. Tarehe 24 Novemba 2019 nyingine, Dornier 228, iliangukia nyumba za Mapendo. Waliokuwa majumbani mwao hawakukata tiketi. Ikiwa asiyepanda naye ana fungu lake, basi hilo ndilo lililomfikia mlangoni, bila hodi. Na kijiji ambacho mtu huingiliwa bila hodi, wazee wetu wasingekiita kijiji.

Mimi nikiwaza ukaribu nawaza chukudu, kigari chetu cha kusukuma. Watu wa Goma wameijengea sanamu, na wamefanya vizuri. Ni mbao tupu na magurudumu mawili, lakini viazi na makaa ya mlimani havifiki sokoni bila mwenyewe kufika navyo. Mzigo na mtu ni safari moja. Njiani anasalimiwa, anapewa maji, anaulizwa habari za alikotoka, na akipandisha kilima watoto wanamsukumia nyuma. Akifika mjini, mji unajua kwamba kule juu kuna watu. Gunia la Kilambo lilipofika, nani aliuliza habari za Bisie?

Wanatuambia kesho ni ya ndege zisizo na rubani. Sisi tumeshaziona katika vita vya huku Kivu, na hazikutuletea dawa.

Lakini Januari 2025, vita vilipoingia Goma na uwanja ukafungwa, anga juu ya Ziwa Kivu lilinyamaza, na mimi niliyesema yote haya sikufurahi. Kimya kile hakikuitengeneza barabara wala hakikumrudisha yule mama. Siku nitakaposikia tena mlio wa ndege ya abiria juu ya Kivu, moyo utanipanda, najijua. Nitatoka nje kutazama, na palepale nitataka kujua imebeba nani, na imebeba nini.