Je, Yafaa Kuota Moto wa Mchokozi?

Swali tunalotaka kulifikiri pamoja na wasomaji wetu juma hili ni la zamani, ingawa limevaa nguo mpya. Mtu akijua ya kuwa mwuzaji wake amewasha vita katika nyumba ya jirani, na ya kuwa fedha anazompa zaweza kununua mizinga, je, ni halali aendelee kununua kwake? Na ikiwa kitu chenyewe si anasa, bali ni moto wa kupikia chakula cha watoto na wa kuwapasha joto wazee wakati wa baridi kali, je, jibu labadilika?

Mataifa ya Ulaya yalikutana na swali hilo uso kwa uso tarehe 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoishambulia nchi yote ya Ukraine kwa majeshi yake. Mwaka mmoja kabla, yaani 2021, nchi za Umoja wa Ulaya zilikuwa zimenunua kwa Urusi gesi asilia ipatayo mita za ujazo bilioni 155, karibu sehemu 45 katika kila 100 za gesi yote waliyoiagiza kutoka nje. Ujerumani peke yake ilipata huko zaidi ya nusu ya gesi yake. Gesi hiyo ilipita katika mabomba marefu yaliyolazwa chini ya ardhi na chini ya bahari. Ndiyo iliyopasha joto nyumba, ikaendesha mitambo ya umeme, ikayeyusha kioo viwandani, na tena ndiyo asili ya mbolea ya chumvichumvi. Sisi tuliozaliwa penye jua tusisahau kwamba huko baridi huua, na nyumba isiyo na moto mwezi wa Januari si nyumba bali ni kaburi.

Walifikaje hapo? Hawakufika kwa siku moja. Austria ilifanya mapatano ya kununua gesi ya Warusi mwaka 1968, na Ujerumani ya Magharibi ikafuata mwaka 1970, ikitoa mabomba ya chuma na kupokea gesi. Waliotia sahihi mapatano hayo hawakuwa wapumbavu wala wasaliti. Walitumaini ya kuwa watu wauzianao hawapigani, na ya kuwa biashara itawafundisha maadui kuwa majirani. Tumaini hilo lilikuwa jema, nasi hatutalicheka. Lakini lilichanganya mambo mawili yasiyofanana: kutegemeana na kutegemea. Kijiji chenye maduka mawili hakina haja ya kumwogopa mwenye duka hata mmoja. Kijiji chenye duka moja tu, mwenye duka huyo ndiye jumbe wao, hata kama hakuchaguliwa na mtu.

Maonyo hayakukosekana. Mwezi wa Januari 2009, Urusi na Ukraine ziligombana juu ya bei na madeni, na gesi iliyopita katika nchi ya Ukraine ikakatika kwa muda wa majuma mawili hivi katikati ya baridi. Watu wa Bulgaria na Slovakia walipata taabu kubwa. Wapo waliosikia. Nchi ndogo ya Lithuania ilileta meli maalumu katika bandari ya Klaipėda mwaka 2014, ili ipokee gesi iliyogeuzwa kuwa maji maji kwa baridi kali na kuletwa kwa bahari kutoka nchi nyingine. Ilikuwa gharama nzito kwa taifa dogo, na wengine waliona ni hasara. Lakini mwezi wa Aprili 2022 Lithuania iliweza kutangaza, ya kwanza katika Umoja wote, kwamba hainunui tena gesi ya Urusi. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wakubwa waliouacha ufa wazi wakajenga ukuta kwa haraka na kwa gharama kubwa.

Sasa na tulipime jambo lenyewe kwa mizani ya haki. Walimu wa maadili wamefundisha tangu kale kwamba kushiriki ubaya wa mwingine kuna namna mbili. Mmoja hushiriki kwa nia, maana ataka ubaya ule utendeke. Mwingine hushiriki kwa tendo tu: hautaki ubaya, hata auchukia, lakini kitu akitoacho chautumikia. Wa kwanza hana udhuru kamwe. Wa pili yampasa apimwe: haja yake ni kubwa kiasi gani? Tendo lake li karibu na ubaya ule, au li mbali? Na zaidi ya yote, je, ana njia nyingine?

Mama aliyewasha jiko lake mjini Vienna mwezi wa Machi 2022 hakutaka mtu yeyote afe Ukraine. Haja yake ilikuwa ya kweli, na njia nyingine hakuwa nayo. Huyo hatumhukumu. Lakini serikali si mama mmoja jikoni. Ina uwezo wa kutengeneza njia isiyokuwapo. Mwanzoni mwa mwezi wa Aprili 2022, Josep Borrell, aliyesimamia mambo ya nje ya Umoja wa Ulaya, aliliambia Bunge la Ulaya kwamba tangu vita vianze Umoja ulikuwa umeilipa Urusi euro bilioni 35 kwa mafuta, gesi na makaa, na kuisaidia Ukraine silaha za euro bilioni 1. Basi, mkono mmoja ulitoa dawa, na mkono wa pili ulilipia jeraha. Jambo lisilowezekana halimpasi mtu, lakini kulitafuta liwezekane laweza kumpasa. Na kila siku njia nyingine inapofunguka, udhuru wa jana wapungua.

Ni haki kusema kwamba wengi walijitahidi. Mwezi wa Julai 2022 serikali hizo zilikubaliana kupunguza matumizi ya gesi kwa sehemu 15 katika 100, na toka Agosti 2022 hata Machi 2023 wakapunguza sehemu 18 hivi. Ujerumani ilijenga gati la kupokea meli za gesi huko Wilhelmshaven kwa muda wa siku 200 hivi, na kulifungua Desemba 2022. Hispania iliagiza kwamba majengo ya watu wote yasipashwe joto kupita digrii 19. Italia nayo, Waziri Mkuu Mario Draghi aliwauliza watu wake kama wapenda amani au mashine ya baridi inayonguruma ukutani. Swali hilo wengine walilicheka, lakini sisi twaliona ni swali la kiume. Lilimwambia raia kwamba amani ina bei, na ya kuwa sehemu ya bei hiyo yatoka mfukoni mwake.

Hata hivyo, yatupasa tuangalie ni mfuko wa nani uliolipa. Mwezi wa Agosti 2022 bei ya gesi katika soko la Ulaya ilipita euro 300 kwa kipimo ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikiuzwa kwa 20 hivi. Viwanda vingine havikupunguza gesi kwa wema, bali bei iliwashinda wakafunga milango. Mwenye nyumba mpya yenye kuta nene na madirisha ya kioo maradufu haoni taabu kushusha joto kidogo. Mjane aliyepanga chumba chenye dirisha bovu hana cha kushusha. Kujinyima ni fadhila kwa mtu mwenye kitu cha kuacha. Kwa asiye nacho ni njaa tu iliyopewa jina zuri. Serikali itakayo watu wake wajinyime kwa ajili ya jirani, kwanza iwalinde walio wanyonge nyumbani mwake.

Tena kuna jambo lililo zito zaidi, na kwa bahati mbaya husemwa kwa sauti ndogo. Gesi ya melini haina bomba. Humfuata mtu atoaye fedha nyingi. Ulaya ilipoanza kuitafuta kwa nguvu mwaka 2022, meli zilizokuwa zikienda Asia ziligeuza njia. Mwezi wa Julai mwaka ule Pakistan iliita wauzaji waje na bei zao, asije hata mmoja. Bangladesh iliacha kununua gesi ya soko la papo kwa papo kwa kuwa bei ilipita uwezo wake, na watu wake wakapewa umeme kwa zamu. Bei ya mbolea ilipanda duniani kote, na mkulima wa Afrika asiyejua bomba la gesi linafananaje aliuona mgogoro huo katika shamba lake. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Hapa ndipo swali letu lionyeshapo uzito wake. Aliyekataa mkate wa mchokozi, kisha akanyoosha mkono juu ya kichwa cha maskini akautwaa wake kwa nguvu ya fedha, huyo ametenda nusu ya haki. Hatusemi arudi kwa mchokozi. Twasema aitimize nusu ya pili.

Kwa hiyo twaona kuna daraja tatu za wajibu, nazo zina utaratibu wake. Ya kwanza ni kutumia kidogo. Gesi usiyoiwasha haimtajirishi mwenye vita, wala haimnyang'anyi Mbengali taa yake. Ya pili ni kujitengenezea: kuziba nyufa za nyumba, kutumia jua na upepo, ambavyo mwezi wa Mei 2022 viongozi wa Ulaya waliviweka katika mpango wao mkubwa. Jua halina mfalme wa kulifunga. Ya tatu, na iwe ya mwisho, ni kubadili mwuzaji. Hii ndiyo rahisi, ndiyo maana hupendwa kuwekwa mbele. Lakini kufikia mwaka 2023 karibu nusu ya gesi ya melini iliyoingia Umoja wa Ulaya ilitoka nchi moja tu, Marekani. Rafiki wa leo ni bora kuliko adui wa leo, hilo hatubishi. Hata hivyo mtegemea cha nduguye hufa maskini, na methali hiyo haikusema kama ndugu yule ni mwema au mbaya.

Yako mapingamizi mawili yanayostahili jibu. Wa kwanza asema: tusiponunua sisi, wengine watanunua, basi yafaa nini? Twajibu kwamba gesi ya bomba haihami kama gunia la mchele. Mabomba ya Siberia ya magharibi yalielekea Ulaya, na kuyageuza ni kazi ya miaka mingi. Tena hata kama mwingine angeinunua yote, wizi wa jirani haumpi mtu ruhusa ya kuiba.

Wa pili asema: baba wa nyumba hudaiwa kwanza na watoto wake. Hivyo ndivyo zilivyosema Slovakia na Hungaria, nchi zisizo na bahari, ambazo mabomba yao yalijengwa kuelekea mashariki. Neno hilo lina kweli ndani yake. Lakini jibu lake si kuwaacha waote moto ule milele. Ni wenye bandari kuwapa njia wasio na bandari, kwa bei ya ndugu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Amwambiaye mwenzake aache kununua kwa mchokozi, kisha asimwonyeshe pa kununua, amempa amri bila msaada.

Kazi haijaisha. Sehemu ya Urusi katika gesi iliyoingia Umoja wa Ulaya ilishuka toka 45 katika 100 mwaka 2021 hata 19 mwaka 2024, na tarehe 1 Januari 2025 gesi iliyopita Ukraine ilikoma. Walakini mwaka ule wa 2024 meli za gesi ya Urusi zilizidi kuingia bandari za Ulaya, kana kwamba gesi ikipanda meli husahau ilikotoka. Mwezi wa Desemba 2025, wajumbe wa Bunge na wa serikali za Umoja walikubaliana kukomesha ununuzi wote kufikia mwaka 2027. Ni ahadi njema, na ahadi ni deni.

Nasi wa pwani hii tusidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Mwezi wa Novemba 2022 Msumbiji ilipakia shehena yake ya kwanza ya gesi ya melini, na Tanzania inayo gesi nyingi chini ya bahari mbele ya Lindi na Mtwara. Wanunuzi waliokimbia moto mmoja waja kubisha hodi kwetu. Tuwapokee, lakini tukumbuke kwamba mwuzaji naye ana dhamiri: asiutumie mkono wa bomba kumkaba mnunuzi, wala asiuze nje moto wote huku akina mama wa kwake wakipikia moshi wa kuni.

Wazazi, wafundisheni watoto kuuliza neno moja kila wanunuapo: fedha hii yaenda wapi? Mara nyingi hatutakuwa na njia nyingine, na hapo hatutahukumiwa. Lakini mtu aulizaye ndiye atakayeiona njia siku itakapofunguka.